Rudio la Ngapi Linakushinda? Hotuba kwa Vijana wa Jimu wa Nyanda za Juu Kusini

Ndugu wakufunzi, ndugu wenye majumba ya mazoezi, na ninyi vijana wa hapa Mbeya, wa Mwanjelwa, Soweto, Ilomba na Uyole, pamoja na wenzetu mliopanda basi kutoka Iringa, Makambako na Njombe: kamwene, mugonile, habari za asubuhi. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni.

Mada niliyopewa ni virutubisho vya kwenye makopo, na kama kweli vinausaidia msuli kustahimili mazoezi ya vyuma. Naelewa kwa nini waandaaji wameichagua. Siku hizi kijana akiingia jimu wiki ya kwanza tu ataulizwa, "Wewe unatumia nini?" Hajaulizwa analala saa ngapi, hajaulizwa mchana amekula nini. Ameulizwa kopo. Swali hilo nataka tuliweke kando leo, tushike jingine: ukiwa chini ya chuma, rudio la ngapi linakushinda, na ndani ya msuli ni kitu gani kimekwisha? Ukilijibu hilo kwa ukweli, makopo mengi yanajiondoa mezani yenyewe, na yale machache yanayobaki unajua kila moja linakuja kufanya kazi gani.

Tuanze na watu ambao hawajawahi kushika dambeli. Nenda Uyole msimu wa viazi, simama karibu na fuso linalopakiwa. Mpakiaji anainama, wenzake wawili wanampandishia lumbesa mgongoni, anapita kwenye ubao kuingia garini. Gunia la kwanza anapanda ubao bila kusita. Yakishapita magunia kadhaa, mtazame magoti. Akifika katikati ya ubao goti la kulia linaanza kutetemeka, anasimama kidogo, anavuta pumzi kwa mdomo, ndipo anamalizia hatua mbili za mwisho. Uzito wa gunia haujabadilika, na nguvu ya kunyanyua gunia moja bado anayo. Kinachompungukia ni uwezo wa kurudia kazi ile ile bila kuvunjika. Huo ndio ustahimilivu wa misuli, na mtu anaweza kuwa na nguvu nyingi huku ustahimilivu wake ni mdogo. Nimewaona vijana wenye vifua vipana wakishindwa pushapu ya thelathini, na mama mwembamba wa Umalila akishuka na mzigo wa kuni kichwani kilomita baada ya kilomita.

Tofauti hiyo si ngeni kwa wataalamu. Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani aliyekuwa akiwarudishia nguvu askari waliojeruhiwa, aliandika mwaka 1945 kwamba mzigo mzito wenye marudio machache hujenga nguvu, na mzigo mwepesi wenye marudio mengi hujenga ustahimilivu. Utafiti uliofuata umeonyesha kwamba mambo hayo mawili yanaingiliana kuliko alivyodhani, lakini kanuni yenyewe ipo hadi leo. Mwongozo wa chuo cha tiba ya michezo cha Marekani, ACSM, wa mwaka 2009 unasema anayetaka ustahimilivu atumie mzigo wa asilimia 40 hadi 60 ya uzito anaoweza kunyanyua mara moja tu, arudie zaidi ya mara 15 kwa seti, yaani kwa mkupuo mmoja, na apumzike chini ya sekunde 90. Ukifanya hivyo kwa wiki nyingi, mishipa midogo ya damu inaongezeka kuzunguka nyuzi za msuli, na vile viwanda vidogo vinavyotengeneza nishati ndani ya chembe vinaongezeka pia. Hakuna unga unaoweza kuifanya kazi hiyo kwa niaba yako.

Sasa turudi kwenye rudio linalokushinda. Ukishindwa ndani ya sekunde kumi hivi, umebeba mzito. Msuli unapata nishati kutoka kitu kinaitwa ATP, na akiba yake ni ndogo mno, ya sekunde chache. Inajazwa haraka na fosfokreatini, nayo inapungua sana kufikia sekunde ya kumi. Seti yako ikichukua dakika moja, mbili au tatu, msuli unakuwa unavunja sukari bila kusubiri oksijeni ya kutosha, na hapo haidrojeni na fosfeti zinalundikana, nyuzi zinashindwa kujikaza vizuri, unasikia moto. Ikiwa seti tatu za mwanzo zote ulifanya vizuri na seti ya nne ndiyo iliyokuangusha, mara nyingi ni glaikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa msulini, imeshuka, au mfumo wa fahamu umechoka kutuma amri. Yote matatu mtu anayaita "nimechoka", ila ni uchovu wa aina tatu, na kila mmoja una tiba yake.

Nigusie na hili kwa kuwa nalisikia kila siku: maumivu ya kesho yake na keshokutwa si asidi ya laktiki. Laktiki inaondoka ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi. Maumivu yale yanatokana na michubuko midogo ya nyuzi za msuli, hasa unaposhusha chuma, na hufika kilele kati ya saa 24 na 72. Anayekuuzia kopo la "kusafisha asidi" ili usiumwe kesho, hajui anachokuuzia.

Niseme sasa juu ya kreatini, ile ambayo msuli unaitengenezea fosfokreatini niliyoitaja, maana hiyo ndiyo inayostahili muda wetu. Iligunduliwa kwenye nyama na Mfaransa Michel Eugène Chevreul mwaka 1832. Mwili wenyewe unatengeneza kama gramu moja kwa siku, na chakula chenye nyama na samaki kinaleta nyingine kama gramu moja. Mwaka 1992 Roger Harris na wenzake walionyesha kwamba ukiinywa, kiasi chake ndani ya msuli kinapanda kweli. Tangu hapo imepimwa kuliko kirutubisho kingine chochote cha wanyanyua vyuma. Mwaka 2003 Eric Rawson na Jeff Volek walikusanya tafiti 22 za watu waliofanya mazoezi ya vyuma, baadhi wakinywa kreatini na wengine wakinywa unga usio na kitu. Walipoangalia idadi ya marudio mtu anayoweza kwa mzigo fulani, na ndicho tunachokizungumzia leo, waliokunywa kreatini waliongeza kwa wastani wa asilimia 26. Waliokunywa unga mtupu waliongeza asilimia 12.

Naomba tusiipite haraka namba hiyo ya pili. Asilimia 12 ile haikutoka kwenye kopo lolote. Ilitoka kwenye mazoezi, kwa watu waliokuwa wanahudhuria, wanaandikiwa marudio na kusimamiwa. Kreatini iliongeza 14 juu yake. Mtu anayekuja jimu mara moja kwa wiki mbili halafu ananunua kreatini, anatafuta zile 14 bila kuwa na 12.

Matumizi yake ni rahisi. Gramu 3 hadi 5 kila siku, ukipenda asubuhi, ukipenda jioni, na baada ya wiki nne hivi msuli unakuwa umejaa. Wapo wanaoanza na gramu 20 kwa siku, wakizigawa mara nne, kwa siku tano hadi saba. Wanafika mapema zaidi, lakini mwisho wa safari ni ule ule, na tumbo la wengine linachafuka. Chukua ile ya kawaida, kreatini monohaidreti. Majina mengine yenye bei mara mbili hayajaonyesha kuishinda. Uzito wako utapanda kilo moja au mbili mwanzoni. Ni maji yaliyoingia msulini, usidhani umeshajenga nyama. Mwenye ugonjwa wa figo asiiguse bila daktari. Mwenye figo nzima, kwa viwango nilivyotaja, tafiti hazijaonyesha madhara, ila ukienda kupima damu mwambie daktari kwamba unatumia, kwa sababu kipimo cha kreatinini kinaweza kupanda na akadhani figo zimeharibika.

Kuna jambo juu ya kreatini linalotuhusu sisi wa huku kwa namna ya pekee. Kilo moja ya nyama mbichi ya ng'ombe ina gramu nne hadi tano tu. Watu wasiokula nyama wameonekana kuwa na kreatini kidogo msulini, na wakiinywa wanapanda zaidi kuliko walaji wa nyama. Wengi wetu tunakula ugali na maharage siku tano au sita za wiki, nyama Jumapili. Kwa hiyo kijana wa Iwambi anayekula hivyo ana uwezekano wa kuona faida kubwa kuliko mnyanyua vyuma wa Ulaya anayekula nyama kila siku. Ukiniuliza, kwa fedha ya kopo moja tu na mengine yote ukiwa umeyaweka sawa, ninunue lipi, nitakujibu hilo bila kusita.

La pili ninaloliunga mkono tunalilima wenyewe. Kafeini. Mbozi, Ileje, Rungwe, Mbeya Vijijini, na kule Mbinga, familia nyingi zimesomesha watoto kwa kahawa ya arabika, halafu tunaiuza yote na kunywa chai. Kafeini inazuia ubongo usipokee ule ujumbe wa uchovu unaobebwa na kitu kiitwacho adenosini, kwa hiyo rudio linalokuwa zito linavumilika, na mtu anaongeza moja, mawili, wakati mwingine matatu. Ilikuwa kwenye orodha ya vitu vilivyozuiwa michezoni hadi ilipoondolewa mwaka 2004. Kiwango kilichopimwa ni miligramu 3 hadi 6 kwa kila kilo ya uzito wako, saa moja kabla. Kijana wa kilo 60 anahitaji kuanzia miligramu 180. Kikombe cha kahawa ya kuchemsha na kuchuja, iliyokolea, kina karibu miligramu 90 au 100. Vikombe viwili vinatosha, na bei yake haifanani kabisa na ya yale makopo ya "kabla ya mazoezi", ambayo mengi yana miligramu 200 hadi 300 kwa kijiko kimoja, na kijana anaweka viwili.

Kwa mtu mzima mwenye afya, kikomo cha siku ni karibu miligramu 400. Mjamzito, 200. Mwenye presha au moyo unaoruka mapigo azungumze kwanza na daktari. Na tunaofanya mazoezi jioni tukumbuke kwamba nusu ya kafeini inabaki mwilini kama saa tano baadaye. Ukiinywa saa kumi na moja jioni, saa nne usiku nusu yake bado iko kazini, na usingizi utakaoupoteza ni hasara kubwa kuliko marudio mawili uliyoyapata.

Beta-alanini inahusika na ule moto wa dakika moja hadi nne. Inaongeza kanosini, kitu kinachopunguza makali ya haidrojeni msulini. Gramu 4 hadi 6 kila siku, zikigawanywa, kwa wiki nne au zaidi. Inawasha ngozi usoni na mikononi, isikutishe. Inamfaa anayefanya mzunguko wa vituo bila kupumzika, mwanamasumbwi, au mkimbiaji wa mita 800. Seti yako ikiwa ya marudio manane na inakwisha kwa sekunde 25, sioni kwa nini uinunue.

Juu ya baikaboneti ya sodiamu, ile soda ya kuokea, nitasema kwa ukali kidogo. Ni kweli imeonyesha kusaidia kwa moto ule ule, kwa kiwango cha gramu 0.3 kwa kila kilo ya uzito wako. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni gramu 18 kwa mkupuo, na ndani yake kuna karibu gramu 5 za sodiamu, wakati Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 2 kwa siku nzima. Wengi wanatapika au kuharisha kabla hata ya kushika chuma. Na kubwa zaidi: magadi ya kupikia maharage si kitu hicho. Magadi ni makali zaidi, yanaweza kuunguza koo na tumbo. Wakufunzi, mkisikia kijana anakoroga magadi kwenye maji ili "asichoke", mkatazeni siku hiyo hiyo.

Sitrulini, kirutubisho kingine cha kopo, ilivuma sana mwaka 2010, pale utafiti mmoja ulipoonyesha marudio yakiongezeka kwa zaidi ya asilimia 50 katika seti ya mwisho ya kusukuma chuma ukiwa umelala kwenye benchi. Waliourudia utafiti huo baadaye wamepata ongezeko dogo kuliko hilo, wengine hawakupata kitu. Bitiruti na mboga za majani kama mchicha zina naitreti, ambayo bakteria wa mdomoni wanaibadilisha hadi damu ipite kwa urahisi. Andrew Jones wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, na wenzake waliipima juisi ya bitiruti mwaka 2009 kwa watu waliokuwa wakiendesha baiskeli. Kwa vyuma faida yake bado ni ndogo. Kuleni mchicha kwa sababu ni chakula.

Yale makopo ya BCAA, ambayo nayaona kwenye karibu kila begi humu ndani, yana asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini, tatu tu kati ya tisa ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza wenyewe. Kujenga msuli kunahitaji zote tisa. Ni kama fundi wa Mafinga umemletea misumari, ukamwambia aezeke bila mbao. Ukila maharage na maziwa, zile tatu unazo, na sita zilizobaki unazo pia.

Hapa ndipo nafika kwenye jambo linaloniuma. Mikoa yetu ndiyo inayolisha nchi. Mahindi, viazi, maharage, mchele wa Kyela, ndizi za Tukuyu, vyote vinapita kwenye barabara hii ya TANZAM kwenda kwa wengine. Na bado utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mkoani Iringa karibu asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, Njombe na Rukwa karibu nusu, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Vijana wengi waliomo humu ndani walikuwa watoto hapa hapa. Shamba limejaa na sahani ina kitu kimoja. Kijana aliyekua hivyo akiambiwa kwamba kasoro yake ni kukosa kopo, ameonewa.

Tupige hesabu pamoja. Mwaka 2018 Robert Morton na wenzake walikusanya tafiti 49 zenye watu 1,863 waliokuwa wakinyanyua vyuma. Protini ya ziada ilisaidia hadi kufika gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Baada ya hapo kuongeza hakukuleta faida ya maana. Kijana wa kilo 60 anahitaji gramu 96. Maharage makavu gramu 200, kabla ya kupika, yana kama gramu 42. Unga wa mahindi gramu 400 kwa siku nzima, kama 32, na watu wengi hawajui kwamba ugali nao una protini. Nusu lita ya maziwa, 16. Mayai mawili, 12. Dagaa wakavu wa Ziwa Nyasa, gramu 30 tu, kama 18. Jumla ni 120. Amevuka, na hajafungua kopo.

Tena vyakula hivyo vinasaidiana. Mahindi yana upungufu wa asidi amino iitwayo laisini, maharage yanayo kwa wingi. Bibi zetu walipopika kande walikuwa wamelimaliza hilo. Ukitumia unga wa dona badala ya sembe unabaki na madini na vitamini zaidi. Na anayefanya marudio mengi asiogope wanga. Glaikojeni ya seti ya nne inatokana na viazi, ndizi, wali na ugali uliokula jana usiku na leo mchana. Nina wasiwasi na vijana wanaoacha ugali ili "wakauke", kisha wanalalamika kwamba marudio yamepungua, kisha wananunua kopo la kurudisha marudio. Rudisha ugali.

Sisemi unga wa maziwa, ule wa whey, ni mbaya. Ni chakula, basi. Unatokana na maji yanayobaki maziwa yakigandishwa kuwa jibini, kazi inayofanyika hata Njombe. Mwenye kazi ya zamu asiye na muda wa kupika, au mgonjwa asiyeweza kutafuna, unaweza kumsaidia. Mwenye maziwa, mtindi na mayai nyumbani hapungukiwi na kitu.

Kuhusu pombe nitasema kwa ufupi kwa sababu Jumamosi mnaijua kuliko mimi. Mwaka 2014 Evelyn Parr na wenzake huko Australia waliwapa watu pombe nyingi baada ya mazoezi, na ujenzi wa protini msulini ukashuka kwa asilimia 24 hata walipokunywa pamoja na protini. Walipokunywa na wanga tu, asilimia 37. Iwe bia, ulanzi au komoni, msuli hauulizi chapa.

Sasa hatari. Mwaka 2004 maabara ya Cologne, Ujerumani, ilichapisha matokeo ya kupima virutubisho 634 vilivyonunuliwa katika nchi 13. Makopo 94, karibu asilimia 15, yalikuwa na homoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Marekani, ambako mengi ya makopo haya yanatengenezwa, sheria ya mwaka 1994 haimlazimu mtengenezaji kupata kibali cha mamlaka kinachothibitisha kwamba kirutubisho chake kinafanya kazi kabla ya kukiuza. Kwa mchezaji wa timu, sheria za kupambana na dawa michezoni zinasema kilichokutwa mwilini mwako ni chako, hata kama hukujua. Hapa nchini, tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, shirika la viwango, na iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, imebaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Kopo lisilo na jina la mwagizaji, lisilo na tarehe ya kwisha, au lililofunguliwa likapimwa kwenye mfuko wa nailoni, usilinunue hata likiwa la nusu bei.

Kibaya zaidi kuliko makopo ni vidonge vya kunenepa. Vijana wa kiume na wa kike wanavipata kwa siri, wengi hawajui jina. Vingi ni deksamethasoni, dawa ya hospitali inayoiga homoni ya mwili. Uso unajaa, mashavu yanang'aa, shingo inanenepa, mtu anasifiwa kwamba jimu imemkubali. Ndani, dawa ile inavunja protini ya misuli, hasa ya mapaja na mabega, inapandisha sukari, na tezi za mwili zinazotengeneza homoni kama hiyo zinalala. Mwambie akupandie ngazi za ghorofa mbili. Unene umeongezeka na ustahimilivu umepotea, kwa sababu nyama imetoka na maji na mafuta yameingia. Kama uko humu na unavitumia, usiviache ghafla leo usiku, maana kuacha ghafla nako kunaweza kukuangusha. Nenda hospitali, mwambie daktari ukweli wote, atakupunguzia taratibu. Hakuna atakayekufunga.

Na diklofenaki, ile dawa ya maumivu. Wapakiaji wa Uyole wanaimeza asubuhi ili mgongo usiume, vijana wa jimu wanaimeza ili wasisikie kesho. Ukiimeza kila siku, huku hunywi maji, figo ndizo zinazolipa. Hapa kwetu hilo ni rahisi kutokea. Mji huu uko mita 1,700 hivi juu ya bahari, Njombe iko juu zaidi, na Juni na Julai baridi ni kali, mtu hasikii kiu, hatoki jasho linaloonekana, ilhali hewa ni kavu na anapoteza maji kwa kila pumzi. Angalia mkojo. Ukiwa wa njano iliyokolea, kunywa maji kabla ya kushika chuma.

Mtaniuliza, mbona fulani alikunywa kopo fulani na marudio yakapanda kesho yake? Mwaka 1972 Gideon Ariel na William Saville waliwaambia wanyanyua vyuma kwamba wanapewa steroidi, dawa za homoni za kujenga misuli. Walipewa vidonge visivyo na dawa, na nguvu zao zikapanda kuliko kawaida. Imani ina kazi yake mwilini. Ndiyo maana ushuhuda wa rafiki hautoshi, na ndiyo maana nawaomba mjipime.

Jipimeni hivi. Chagua zoezi moja, kwa mfano kuchuchumaa na chuma, weka nusu ya uzito wako wa juu kabisa, pandisha na kushusha kwa mwendo ule ule hadi mwendo uvunjike. Wakati wa kushindwa si pale unapojisikia umechoka. Ni pale goti linapoanza kuyumba au mgongo unapojikunja. Andika marudio, andika sekunde, andika ulikula nini na ulilala saa ngapi. Rudia baada ya wiki mbili, siku ile ile na saa ile ile. Kwa miezi miwili ya kwanza usiongeze kitu chochote isipokuwa chakula, usingizi na ratiba. Baadaye ukitaka kuongeza kreatini, ongeza hiyo peke yake, uone daftari linasema nini. Mkiongeza vitu vitatu kwa pamoja hamtajua kilichofanya kazi. Wakufunzi, kila jimu iwe na daftari hilo. Gharama yake haifiki bei ya kijiko kimoja cha unga. Kijana aliye chini ya miaka 18 msimwandikie kopo. Mwandikieni maharage, maziwa na kulala mapema. Na akina dada mnaochoka haraka wakati mazoezi mnayafanya vizuri, kapimeni wingi wa damu kwanza, kwa sababu upungufu wa damu ni wa kawaida kwa wanawake nchini, na hakuna unga wa jimu unaoutibu.

Nimeona mmekuja na makopo yenu kama tulivyotangaza. Yaleteni hapa mbele sasa tuyasome lebo moja baada ya jingine, kwa sauti, kila mtu asikie. Tuanze na yale yaliyoandikwa "mchanganyiko maalumu" bila kutaja gramu za kila kitu kilichomo.